Raba Iliyobaki Mfukoni

Wiki iliyopita tulimzika Sista Debora kule Msalato. Hakuwa mtawa. Alikuwa muuguzi wa macho, na tuliomjua tulimwita Sista kama wauguzi wote walivyoitwa zamani. Alikufa kwa uzee, kitandani kwake, kwa hiyo msiba haukuwa wa mayowe. Turubai lilifungwa, vipaza sauti vikawekwa, na nyuma ya turubai vijana wakawasha jenereta dogo la kuviendesha. Mchungaji alipoanza kuhubiri mimi sikushika hata neno moja. Nilikuwa nasikiliza jenereta. Mwishowe niliinuka na kitenge changu cheusi, nikazunguka nyuma kuona ekzosi, lile bomba la moshi, imeelekezwa wapi, nikakuta imeelekea dirisha la chumba walichokaa bibi wafiwa. Nikamwambia kijana aliyekuwa karibu aligeuze. Akanijibu, "Mama, mbona liko poa tu?" Nikaligeuza mwenyewe, nikachafua kitenge kwa oili, nikarudi kukaa. Watu walinitazama, na mimi nikawaacha wanitazame. Nimepita miaka arobaini na mitano, nafundisha umeme wa magari chuoni, wanafunzi wangu wananiogopa kuliko wanavyomwogopa mkuu wa chuo, na bado nikisikia jenereta linawaka mahali nisipopaona, lazima niinuke nikaone moshi wake unaelekea wapi. Uoga huo naujua umri wake. Nilianza nao mwaka niliokuwa na miaka ishirini na mitatu, mwezi wa nane, na aliyenipa nafasi ya kuishi nao ndiye huyo tuliyekuwa tunamzika.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba Chang'ombe, chumba kimoja chenye kitanda, jiko la mafuta ya taa na ndoo mbili. Kuta zake hazikufika kwenye bati, kwa hiyo mambo ya majirani zangu yote niliyapata bure. Upande wa kushoto walikuwa mume na mke waliopenda kuzungumza wakati wa kula. Jioni moja nilikuwa napuliza ugali wangu wa moto kwa mlenda, nikamsikia mke akiuliza, "Hivi yule binti ni kweli anashika magari ya watu?" Mume akasema ndiyo, yuko gereji ya Mzee Idi kule Majengo. Nikamsikia mke anatafuna, halafu akasema, "Siku moja ataunguza mtu." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema mvua itachelewa. Nilimaliza ugali wangu kimya kimya ili wasijue nimesikia, na tangu siku hiyo kila gari lililotoka mikononi mwangu lilitoka na maneno yale. Mchana nilijidai, nilipiga soga na mafundi wanaume na kuwajibu mmoja baada ya mwingine. Usoni huwezi kunikamata. Ndani nilikuwa naogopa tu, mwaka mzima.

Mzee Idi, mwenye gereji, alikuwa Mswahili wa mjini Dodoma, mjukuu wa watu waliokuja na misafara ya biashara wakaona hakuna haja ya kuendelea mbele. Alikuwa mtu wa maneno machache na sheria chache. Sheria kubwa ilikuwa ya raba. Ukitoboa bati la gari ili upitishe waya, ukingo wa lile tundu ni mkali, na gari likitembea ule ukingo unakula ganda la waya kidogo kidogo. Kwa hiyo tundu lazima livishwe pete ya raba. Madukani raba hizo mara zipo mara hazipo, basi sisi tulizikata kwenye soli ya ndala iliyochakaa, tukazitoboa kwa msumari wa moto, tukazichana upande mmoja ili zikae vizuri. Gereji nzima ilinuka ndala zilizoungua. Na sheria ilikuwa hivi: aliyetoboa bati hali chakula cha mchana mpaka tundu lake livae. Mzee Idi hakutoa sababu. Alikuwa akipita tu, anakuona umeshika sahani, anauliza, "Limevaa?" Kama halijavaa unaweka sahani chini.

Mwezi wa nane likaletwa gari-nyumba. Ni gari refu kama basi dogo, lililotengenezwa Ulaya kwa watu wanaopenda kutembea na nyumba yao: lina vitanda viwili vya benchi, jiko, kabati, na choo kidogo. Wafadhili walikuwa wamelitoa kwa timu ya kupima macho vijijini, na choo kikageuzwa chumba cha giza cha kutazamia mboni. Nyuma kabisa, chini ya benchi moja, kulikuwa na jenereta la kuwasha taa na mashine. Kati ya mtu aliyelala juu ya benchi na jenereta lililo chini yake kulikuwa na ubao tu. Shida yao ilikuwa kwamba kila likihitajika, dereva alipaswa kutoka nje, afungue kijimlango cha pembeni, abonyeze kitufe kwenye jenereta lenyewe, na vumbi la Dodoma linamwingia machoni. Sista Debora alikuja nalo mwenyewe. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya chini, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinisalimia "mbukwenyi" kwa Kigogo, nikaitikia, akaitazama ovaroli yangu na kusema, "Mimi nataka swichi hapa, pembeni ya kiti changu. Nimeshika jicho la mtu, siwezi kupiga kelele nje eti Baba Lea washa, Baba Lea zima." Baba Lea alikuwa dereva wake, Mgogo mrefu, mpole, aliyesimama nyuma yake ameshika kofia. Mzee Idi akanipa kazi mimi. Mafundi wakubwa walikuwa na injini ya lori imefunguliwa, lakini mimi niliichukua kama nimepewa ubalozi.

Kazi yenyewe si ngumu, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Unashusha nyaya tatu kutoka kwenye swichi hadi kwenye jenereta: wa kuwasha, wa kuzima, na wa taa nyekundu inayokuonyesha kwamba jenereta linafanya kazi. Swichi haipeleki umeme wowote mkubwa. Inachofanya ni kuugusisha waya wa kuwasha na bodi ya gari kwa sekunde chache. Jenereta likipata mguso huo, stata, mota yake ya kuwashia, inazunguka, injini inashika. Maana yake ni kwamba waya huo ukichubuka na shaba yake ikagusa bati popote njiani, jenereta halijui tofauti. Litawaka kama vile kuna mtu amebonyeza. Haya nilikuwa nayajua. Nimeyaandika kwenye mtihani na nikapewa alama.

Nilitoboa sakafu ya bati chini ya benchi, nikapitisha nyaya, nikakata pete ya ndala, ya rangi ya buluu, na nilikuwa nayo mkononi pale sinia la pilau lilipofika. Mjukuu wa Mzee Idi alikuwa amehitimu Kurani na nyumbani kwake kulikuwa na shughuli. Mzee mwenyewe alikuwa huko, akatutumia chakula gereji. Mafundi walikaa chini kuzunguka sinia, wote watu wazima, wamenawa, mikono yao yenye maji wameinyanyua juu, hakuna aliyegusa. Wananisubiri mimi. Kwenye sinia moja huanzi mpaka wote wamekaa, na mdogo kuliko wote ndiye alikuwa amejikunja chini ya benchi la gari. "Foibe, pilau inapoa, binti," akaita mmoja. Nikaona aibu. Nikaona kwamba nikisema tundu halijavaa watacheka, watasema huyu anataka kututisha kwa sheria za mzee wakati mzee mwenyewe hayupo. Nikatia ile pete kwenye mfuko wa ovaroli, nikanawa, nikakaa, nikala. Pilau ilikuwa na nyama ya mbuzi na nilijilamba vidole.

Niliporudi garini, Sista Debora na Baba Lea walikuwa wameshafika kulichukua. Nikaunganisha ncha za mwisho huku wamesimama mlangoni. Nikamwambia Sista abonyeze yeye. Akabonyeza, jenereta likaguruma mara moja, taa nyekundu ikawaka, Sista akapiga makofi kama mtoto, Baba Lea akavua kofia. Akabonyeza kuzima, likazima. Akawasha tena kwa raha yake tu. Mafundi walikuja kushangilia, mmoja akanipiga bega. Nilikuwa nimevimba kichwa kiasi kwamba ungeniambia nifunge umeme wa ndege ningekubali. Kesho yake alfajiri wakaondoka kwenda vijijini, mbele ya Hombolo, njia ya kwenda Itiso, wiki mbili za kupima watu macho.

Siku ya nne ilikuwa Jumapili. Nilitoka ibada ya kwanza, nikachukua ndoo na sabuni ya mche, nikakaa uani kufua ovaroli yangu. Huwa napekua mifuko kabla ya kuloweka, maana misumari hutoboa ndoo. Mkono wangu wa kulia ulipoingia mfukoni ulishika kitu laini, na kabla sijakitoa nilikuwa nimeshajua. Nikakitoa hata hivyo. Pete ya buluu, imechanwa upande mmoja, safi, haijawahi kuvaa kitu. Jirani yangu wa kushoto, yule mke, alikuwa pembeni anachambua mchicha. Akaniuliza, "Vipi, umepoteza hela?" Nikamwambia hapana. Sikufikiria gari kuharibika. Nilichokiona ni Sista Debora juu ya lile benchi. Siku ile gereji nilimsikia mwenyewe akimwambia Baba Lea kwamba sasa ana raha, mchana atajilaza saa moja kabla ya kuendelea na wagonjwa, jenereta limezimwa, kumetulia. Na ulikuwa mwezi wa nane. Upepo wa mwezi wa nane nyanda zetu unaujua ukishaishi nao: unatikisa gari, unaingiza vumbi hadi kwenye meno, na mtu anayetaka kulala mchana hufunga madirisha yote. Jenereta likifanya kazi, madirisha huwa wazi na mlango unafunguliwa kwa kila mgonjwa. Likijiwasha lenyewe chini ya mtu aliyelala, kila kitu kimefungwa. Moshi ule hauamshi mtu. Unamlaza zaidi.

Nilikwenda kwa Mzee Idi nikiwa na povu mikononi. Alikuwa barazani kwake na kikombe cha kahawa. Nikamwamkia, akaitikia, nikanyoosha mkono na ile pete katikati ya kiganja. Aliitazama.

"Ya gari gani?"

"Ya gari-nyumba, mzee."

"Ulikula siku ile?"

"Nilikula. Walikuwa wananisubiri. Niliona aibu kuwaambia."

Hakunitukana. Hadi leo natamani angenitukana. Aliweka kikombe chini, akaingia ndani, akajaribu kumpigia simu Baba Lea mara tatu, na mara tatu simu ikasema haipatikani, kwa sababu miaka ile ukivuka Hombolo mtandao ulikuwa bahati tu. Akatoka na ufunguo wa pikapu. "Chukua drili na tepu," akasema. Njia nzima alikimbiza pikapu. Nilikuwa nimeshika ile raba mpaka ikalowa jasho. Nilisali sala zangu zote, halafu nikaanza kumwomba Mungu kama mfanyabiashara, nampa hiki anipe kile: niache ufundi, nirudi shamba, niolewe na yeyote, ilimradi yule mama awe amekaa kwenye kiti chake ameshika tochi. Tulipita mashamba ya zabibu yamekauka majani, tukapita vijiji, kila kijiji tukiuliza gari la macho liko wapi, na kila waliponyoosha kidole kuelekea mbele nilijua dakika nyingine zimekwenda. Ilishafika saa saba na nusu.

Tulilikuta limeegeshwa pembeni ya ofisi ya kijiji. Wagonjwa walikuwa wamekaa chini, wamejibanza ukutani upande usio na upepo, wazee kwa wazee, wengine na pamba machoni. Madirisha ya gari yamefungwa. Baba Lea, kwa wema wake, alikuwa amechomeka magunia kuzunguka chini ya gari lote ili vumbi lisimwingie Sista. Na kabla Mzee Idi hajazima pikapu nilisikia lile gurumo. Nikaruka chini. Bibi mmoja ukutani akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kigogo, "Subiri zamu yako mwanangu, Sista yuko kazini, si unasikia mashine?" Wote walikuwa wanaisikia. Siku zote nne mngurumo ule ulimaanisha Sista anafanya kazi, basi walikuwa wamekaa wanasubiri kwa adabu, hakuna aliyeona ajabu.

Nilivuta mlango. Joto lilinipiga usoni pamoja na harufu ya moshi uliozuiwa na yale magunia. Alikuwa amelala chali juu ya benchi, miwani imewekwa kifuani, mdomo wazi kidogo, uso wake umekuwa na rangi ya ajabu. Nilimwita, hakujibu. Nilimshika mabega, nikashindwa kumwinua, nikapiga kelele ambayo sikuijua kama ni yangu. Mzee Idi akaingia ameziba pua kwa kofia yake, akabonyeza swichi kuzima, akashika miguu, tukamtoa, tukamlaza juu ya kanga kwenye upepo. Baba Lea alikuja anakimbia kutoka kwa mama lishe, mkono mmoja una ugali. Mimi nilipiga magoti nikaweka sikio mdomoni mwa Sista. Upepo ulikuwa unavuma, sikuweza kujua kama ninachosikia ni pumzi yake au ni upepo. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nimezaa watoto watatu na nimezika mume. Nikaweka kiganja kifuani kwake. Kikapanda. Kikashuka. Kikakaa. Kikapanda. Muda mrefu baadaye akakohoa, akageuka upande, akatapika, na wale bibi vipofu nusu wakaanza kumshukuru Mungu kwa sauti.

Mganga wa zahanati alikuja, akampima, akasema abaki nje kwenye hewa, asilale, asimame taratibu. Alitaka tumpeleke mjini. Sista akatikisa kichwa. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani kawasha?"

Baba Lea alikuwa analia. "Sista, naapa, nilizima kwa mkono wangu. Nilizima, ndipo nikaenda kula."

"Njaa inasahaulisha," mzee mmoja akasema ukutani. Mwingine akaongeza kwamba madereva wote ndivyo walivyo. Mtendaji wa kijiji akatoa kalamu, akasema jambo hili lazima liandikwe na jina la dereva liandikwe. Mzee Idi alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakunisukuma, hakukohoa. Nilijua kabisa kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua ila yeye na mimi. Ningeingia chini ya gari, nikavisha tundu, nikasema nimekagua, swichi haina shida. Nilikuwa na hofu mbili, ya kusema na ya kunyamaza, na zote zilikuwa za kweli, na sijui hadi leo kwa nini moja ilishinda nyingine. Labda ni ile mikono ya Baba Lea, mmoja una ugali bado.

"Hakusahau," nikasema. "Ni mimi. Waya wangu umechubuka. Sikuvisha tundu." Nikaonyesha raba mbele ya watu wote.

Sista Debora alinitazama bila miwani. "Wewe ndiye Foibe wa swichi?"

"Ndiyo, Sista."

Akafumba macho. Mtendaji aliandika jina langu. Mama lishe alileta uji, akawapa wote, mimi akaniruka. Jioni niliingia chini ya benchi, nikakuta waya wa kuwasha umeliwa ganda mahali pamoja tu, shaba inaonekana kidogo sana, upana wa punje ya mtama. Nilikata kipande kile, nikaunga upya, nikafunga tepu, nikavisha raba, na juu yake nikapitisha nyaya zote ndani ya mpira wa maji. Mzee Idi alikagua kwa tochi. Akasema tu kwamba sasa limevaa.

Tulilala kwa mwalimu wa kijiji, madirisha wazi. Asubuhi Sista alipima wagonjwa polepole, ameshika kichwa mara kwa mara, akimtuma Baba Lea maji. Mimi nilikaa ukutani na wale bibi, nikisubiri kuambiwa niondoke. Ilipofika saa saba jenereta likazimwa, Baba Lea akaenda kula, na Sista akatokea mlangoni.

"Foibe, njoo. Leo tunalala wote."

Niliingia. Alifunga madirisha moja moja, akafunga mlango. Akalala juu ya benchi lile lile, akanionyesha benchi la pili, jembamba, mkabala na lake. Nikalala chali. Upepo ulianza kutikisa gari. Kila lilipoyumba nilikaza mwili, nikasikiliza chini ya ubao, nikahesabu nyaya kichwani, nikajiuliza kama tepu imekaza, kama Mzee Idi naye anaweza kukosea. Nilitaka kunyanyuka nifungue mlango na sikuthubutu. Dakika chache baadaye pumzi yake ikawa nzito, ikawa mkoromo, na mimi nikausikiliza ule mkoromo saa nzima na zaidi, kila mmoja ukichelewa kidogo nilikuwa nakufa.

Saa tisa aliamka mwenyewe, akaketi, akavaa miwani, akatafuta viatu kwa miguu.

"Umelala?"

"Hapana, Sista."

"Mimi nimelala," akasema. Akafungua mlango akamwita mgonjwa wa kwanza.